Mwito wa Nyumba Isiyoingiwa

Asubuhi ile Violeth alikuwa anateka maji chini ya kivuko, pale ng'ombe wanapokanyaga, kwa sababu juu kwenye maji safi hawakuruhusiwa. Alikuwa ameshazoea. Unazamisha kikombe polepole ili tope lisiamke, unamimina kwenye ndoo, unainama tena. Juu yake kidogo, kwenye mawe, wanawake wa Mogitu walikuwa wanafanya mazoezi ya kuita. Vigelegele vilipanda na kushuka bondeni mpaka kunguru wakakasirika. Walipomwona wakanyamaza mmoja mmoja, kama watu waliosikia padre anakohoa.

Kisha sauti ya Justina, mwenzake wa darasani, ikatoka ng'ambo.

"Violeth! Usije! Baki hapo hapo!"

"Siji."

"Nakuwekea notsi za Bayolojia kwenye jiwe. Nikiondoka ndiyo uchukue."

"Asante."

"Unasemaje? Ongeza sauti, mto unapiga kelele."

"Nimesema asante."

"Wewe nawe! Unaongea kama unaungama!" Justina akacheka, akachuchumaa ukingoni. "Wageni wa Dar wamefika. Wana spika kubwa kama kabati. Mmoja ni mwanaume na amevaa hereni, nakuapia. Wanamtaka bibi yako."

"Kwa nini?"

"Kwa mambo ya wale wanawake wa zamani waliopeleka habari wakati wa Mjerumani. Wanasema bibi yako ndiye anajua walivyoita. Lakini Mama Frida amesema haiwezekani, kwa sababu ya..." Akaonyesha kwa mdomo upande wa kina Violeth.

"Justina!" Mama Frida aliita kutoka kwenye mawe. "Unaongea na nani huko?"

"Na mto, mama!"

Wanawake wakacheka. Violeth naye alicheka kidogo, akiwa ameinama, uso wake ukicheza ndani ya maji machafu.

Kwa Wairaqw, nyumba ikifiwa na mtoto anayenyonya, nyumba nzima inaingia metimani. Hakuna wa kuingia kwenu na hakuna mnakoingia. Hamshikani mikono na mtu, hampikiani, hamlimiani. Maji mnateka chini ya wenzenu, na ng'ombe wenu wanapita njia yao. Siyo chuki. Ni hofu kwamba kifo kitavuka ua kiende kwa watoto wa wengine. Padre alikuwa ameshahubiri mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya zamani. Jumapili watu walijibu amina, Jumatatu wakazunguka njia. Na hata Jumapili yenyewe, wakati wa kupeana amani, Violeth na mama yake walikuwa wanapeana wao kwa wao, kwenye benchi la nyuma lenye watu wawili.

Miaka ile Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Ukimuuliza mtu mzima mkoa wake anasema Arusha, halafu anajirekebisha. Malori ya wanunuzi yalikuwa yanapanda mpaka shambani kufuata viazi na vitunguu saumu, na vijana wote wenye nguvu walikuwa wameteremka kwenda Mererani kutafuta mawe. Modest, baba yake Violeth, alikuwa huko. Alikuja kumzika Joakimu, mtoto wao mchanga, akalala usiku mmoja, akaondoka udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi.

"Huko machimboni hakuna metimani," alisema akifunga begi. Maana yake kule watu wangemshika mkono.

*

Nyumba yao iko kwenye mgongo wa kilima, kati ya Mogitu na Gitting, mlima Hanang umeiegemea kwa nyuma. Imezungukwa na ua wa minyaa. Kabla ya msiba ua ule haukuwa na kazi, kuku tu walikuwa wanauheshimu. Watu walikuwa wanaingia bila kubisha hodi, wanakuja kuomba moto, kuomba chumvi, kuomba tu kukaa. Siku ya kupura maharage uwanja ulikuwa unajaa, wanaume wanapiga kwa fimbo, wanawake wanapepeta, na mama yake Violeth akiwa katikati anamtania kila mtu.

Judica alikuwa mtu wa mdomo. Akisaga anaongea, akikamua anaongea na ng'ombe, akikosa mtu anajibizana na redio. "Muongo huyo," alikuwa anaiambia taarifa ya habari, "mwaka jana alisema hivyo hivyo." Jirani akipita njiani, Judica alikuwa anamwita kutoka jikoni na wanamaliza habari zote mmoja akiwa barabarani na mwingine akiwa anakoroga ugali. Violeth, ambaye hata kujibu swali darasani jasho linamtoka, alikuwa anajiuliza alizaliwaje na mtu kama yule. Tena alikuwa anamwonea aibu. Sasa angetoa chochote amsikie akimgombeza tu.

Tangu maziko Judica alikuwa hasemi. Ukimuuliza anasema ee, au anasema hapana. Anapika, anaosha, anakaa mlangoni anatazama viazi shambani. Jina la mtoto hakulitaja hata mara moja, na wao wakaogopa kulitaja. Limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyekaribishwa wala kufukuzwa.

"Ama," Violeth alimwambia bibi yake alipotua ndoo. Ama ndivyo walivyomwita Bernadina, kama wajukuu wote wa kule wanavyowaita bibi zao. "Kuna wageni wa Dar wanakutafuta."

"Mimi? Nimewaibia nini?"

"Wanataka ule mwito wa wanawake wa zamani."

Bernadina akaacha kuchambua maharage. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima. "Nani amewaambia mambo hayo?"

"Sijui."

Judica alikuwa amekaa mlangoni, mikono imelala mapajani. Hakugeuka.

*

Wageni walipanda mchana. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo, Hilaria, amesuka nywele na amevaa raba zenye vumbi. Mwingine ndiye yule wa hereni, anaitwa Vicent, amebeba fimbo ndefu yenye maiki iliyovishwa manyoya, kama paka aliyefungwa mtini. Vicent alifika kwenye uwazi wa ua, akasema hodi, akainua mguu.

"Rudisha huo mguu!" Bernadina alifoka.

Vicent akabaki na mguu juu, kama korongo.

"Samahani, bibi. Nimekanyaga kitu?"

"Bado. Ndiyo maana nakuambia urudishe."

Hilaria akamvuta shati kwa nyuma. Kisha akachuchumaa kwenye majani, nje ya ua. "Shikamoo, Ama."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi unayejua kuchuchumaa?"

"Mama yangu ni wa Mbulu. Mimi nimekulia Dar, lakini hili nalijua. Poleni sana na msiba."

"Tumepoa." Bernadina akavuta kigoda, akakaa upande wake wa minyaa. "Haya. Sema ulichokuja nacho."

Hilaria akaeleza. Walikuwa wanatengeneza onyesho la kuwakumbuka wanawake waliobeba habari wakati watu wa pande zote za mlima walipomkatalia Mjerumani. Siyo ngoma, wala siyo kwaya. Wasikilizaji wanakaa uwanjani Mogitu, wanawake wanasimama kwenye vilima, wengine wanaita kwa midomo yao, sauti nyingine zinatoka kwenye spika, za jiwe la kusagia, za nyayo, za maji. Sauti inatoka kilima hadi kilima, inawazunguka watu.

"Kama nyuki," alisema Bernadina.

"Ee, kama nyuki. Na tunatengeneza wote pamoja, Ama. Kila kijiji kinatoa chake. Hakuna bosi."

"Frida amekubali kwamba hakuna bosi?"

Hilaria akacheka mpaka akashika majani. "Tunaendelea kuzungumza."

"Na hao wanawake, mnawafanyaje?"

"Wanaitwa mashujaa. Wanaingia na vigelegele, wamevaa kitenge sare."

Bernadina alisema taratibu, kwa Kiswahili chake kinachotembea kwa miguu ya Kiiraqw.

"Hawakuwa na vigelegele. Sikiliza. Mjerumani alitaka watu wakajenge barabara yake bure, na ng'ombe watoe. Wazee wakakubaliana wakatae siku moja, pande zote, ili asipate wa kuanza naye. Sasa habari itapitaje? Njia zote zina askari. Na askari wenyewe walikuwa watoto wetu, wamevalishwa kofia tu. Mtoto wetu hata ukimvalisha kofia anaogopa kitu kimoja. Anaogopa mwanamke wa metimani."

Vicent alikuwa ameteremsha fimbo yake. Alisahau hata kuwasha mashine.

"Mwanamke aliyezika mtoto akitokea njiani, askari alikuwa anapisha mwenyewe. Hamgusi, hamsachi. Basi wazee wakawatuma hao. Lakini na wao hawawezi kuingia kwa watu, si ndiyo? Hawawezi kukaribia. Kwa hiyo anapanda kilimani, anasimama, anaita. Wa ng'ambo anapokea, anampelekea wa mbele. Naye ni wa metimani. Mama yangu alikuwa mmoja wao."

"Lakini bibi," Vicent aliuliza, "wa ng'ambo atajuaje kwamba siyo mtego? Si hata askari anaweza kumlazimisha mtu aite?"

"Anataja kwanza jina la mtoto aliyemzika. Jina linatangulia, habari inafuata. Hakuna mtu anayetanguliza jina la mtoto wake aliyekufa halafu akasema uongo."

"Na kila kilima kilikuwa na mwanamke kama huyo?"

Bernadina alimtazama kijana yule, si kwa ukali.

"Mwaka ule watoto walikufa sana," alisema. "Ndiyo maana wajumbe walipatikana."

Ndani ya nyumba kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka chini, kikatulia. Violeth aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kwenye giza, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Mama yako, Ama," Hilaria aliuliza kwa sauti ya chini, "alikuwa anataja jina gani?"

"Silisemi. Siyo jina la kuweka kwenye mashine."

"Na mwito wenyewe? Unaweza kutuitia? Hata bila jina. Maiki itabaki huku nje, fimbo ni ndefu."

Bernadina akauokota ungo wake. "Njooni kesho. Nitafikiri."

Jioni ile walikula viazi. Violeth alikuwa na kitu kimoja tu kichwani. Aliuona uso wa mama yake pale mlangoni. Haukuwa uso ule wa kila siku wa kutazama shamba. Ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza.

*

Kesho yake wageni hawakuja peke yao. Mama Frida alikuja nao, yeye na wanawake wawili wa kamati ya onyesho. Walisimama mbali kidogo na ua, kila mmoja ameshika khanga kifuani.

"Shikamoo, Mama Bernadina."

"Marahaba, Frida. Hapo hapo ulipo panatosha."

"Nasimama hapa hapa. Mama, sisi tunakuheshimu, unajua. Ulinifunga nepi mimi."

"Ulikuwa unalia sana."

Wanawake wa kamati wakainamisha nyuso kuficha kicheko. Frida akavumilia.

"Lakini hili, mama, hapana. Mgeni rasmi anakuja kuona mashujaa, haji kwenye matanga. Tumeshashona sare. Watoto wa shule wameshajifunza. Sasa huyu dada anatuambia tuweke katikati mwito wa metimani!"

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Hilaria. "Ama ametueleza."

"Sibishi kwamba ilikuwa. Hata bibi yangu alikuwa anasema. Lakini mimi nina mjukuu anayenyonya. Huyu hapa ana wawili, mapacha. Tutawapeleka uwanjani wakasikie sauti ya nyumba iliyofiwa?"

"Itakuwa ni sauti tu, mama. Itatoka kwenye spika. Ama mwenyewe atabaki hapa."

"Ndiyo mbaya zaidi!" Frida alisema, na sasa alikuwa hatanii. "Mtu ukimwona unampisha. Sauti utaipishaje?"

Vicent alitazama fimbo yake kama vile imemsaliti. Violeth, aliyekuwa amejibanza ukutani, alimtazama bibi yake akingoja moto uwake. Bernadina hakuwa mtu wa kushindwa na mtoto aliyemfunga nepi.

"Frida amesema kweli," alisema Bernadina.

"Ama!" Hilaria alishangaa.

"Amesema kweli. Mama yangu aliita ili watu wakae mbali. Mimi leo niitie kwenye mashine, mkaifungulie katikati ya watoto wa watu? Na kesho mkaifungulie Dar, kwa watu wasiojua hata kupisha? Hapana, mwanangu. Nilifikiri usiku nikaona hivyo hivyo. Nendeni na vigelegele vyenu."

Alisimama akaingia ndani. Frida hakufurahi kama mtu aliyeshinda. Alisema, "Asante, mama," kwa minyaa, kwa sababu Bernadina alikuwa ameshaondoka. Kisha akatupa jicho mlangoni kwa Judica. Zamani wale wawili walikuwa wanakwenda pamoja mnadani Katesh kila mwezi, wanarudi wamebeba vyungu na umbea.

"Poleni, Mama Violeth," alisema.

"Ee," Judica alijibu.

Wanawake wakateremka. Vicent akaanza kukunja nyaya. Hilaria alikuwa anakata mstari kwenye karatasi yake kwa kalamu, na Violeth akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena. Akasogea mpaka kwenye minyaa.

"Dada."

Hilaria hakusikia.

"Dada! Ikifika zamu ya kilima cha huku, mtafanyaje?"

"Tutaruka, mdogo wangu. Kutoka Mogitu tunakwenda moja kwa moja mwisho."

"Msiruke."

"Unasema?"

Violeth alitazama raba za Hilaria, akaongea nazo. "Msiruke. Acheni nafasi. Msiweke kitu, wala spika. Kimya tu, muda ambao mtu angeita."

Hilaria alimtazama yeye, akatazama mlango, akamtazama tena.

"Kimya," alisema. "Na mtu wa kamati hawezi kusema kimya kina metimani."

"Ee."

"Unaitwa nani wewe?"

Lakini Violeth alikuwa ameshakimbilia jikoni.

*

Siku ya onyesho watu wote waliteremka Mogitu. Tangu asubuhi walipita chini ya kilima, wamevaa za kanisani, wengine wamebeba viti vyao vya nyumbani. Waliokuwa wanafika usawa wa nyumba ile walikuwa wanahamia upande wa pili wa njia bila hata kukatisha maongezi, kama unavyoruka dimbwi. Violeth aliwatambua karibu wote kwa migongo.

Bernadina alikuwa amekaa kwenye kigoda uani na ungo wa maharage. Alisema hana habari na onyesho, lakini alikuwa amekigeuza kigoda kitazame bondeni. Judica alikuwa ndani.

Jenereta lilinguruma mbali. Kisha onyesho likaanza.

Kwanza ilikuja sauti ya jiwe la kusagia. Ilitoka kushoto, ikaenda kulia, ikarudi, mpaka ukafikiri bonde zima linasaga. Zikaja nyayo. Yakaja maji. Bernadina aliacha kuchambua.

"Huo ni mto wetu," alisema. "Hapo kwenye jiwe lililopasuka. Wameuibaje?"

Halafu wanawake wakaanza kuita. Walikuwa wamejipanga kwenye vilima, vitambaa vyao vinaonekana kama maua mekundu. Wa kwanza aliita upande wa barabara ya Katesh, wa pili akapokea, wa tatu akapokea, na kila sauti ilipopita, vigelegele vilifuata uwanjani. Ilikuwa nzuri. Violeth hakutaka iwe nzuri, lakini ilikuwa. Alikumbuka jioni za zamani, kabla ya simu kupanda huku juu, wakati akina mama walikuwa wanaitana hivi hivi kilima kwa kilima, fulani amejifungua, ndama amepotea, harusi imesogezwa. Yeye alikuwa mdogo, analala mgongoni mwa mama yake, na sauti ya mama yake alikuwa anaisikia kwa mifupa kabla ya masikio.

Sauti ikafika kilima cha jirani. Ikaita. Ikakoma.

Kimya kikaja.

Kule uwanjani watu walifikiri jenereta limezimika. Waligeuka wakatazamana. Hapakuwa na kitu, upepo tu kwenye mahindi.

Bernadina alikuwa amesimama. Ungo ulikuwa umeanguka na maharage yamemwagika, naye alikuwa ameweka mkono mmoja shingoni, mdomo wazi.

"Ama," Violeth alinong'ona. "Ita."

Kilichotoka kilikuwa kikohozi. Alijaribu tena, sauti ikapanda kidogo, ikapasuka. Akaketi. "Kifua kimekwisha," alisema kwa hasira, na machozi yakamtoka kwa sababu ya hasira hiyo. "Miaka yote nimekitunza, leo kimekwisha."

Judica akatoka ndani. Hakuwa amejifunga kitambaa, nywele zilikuwa wazi, mikono ina maganda ya viazi. Aliwapita kama hakuwaona. Akatoka kwenye uwazi wa ua, akapanda jiwe kubwa lililo ukingoni, akasimama pale mtu yeyote bondeni angeweza kumwona.

"Joakimuuu!"

Sauti ilikuwa nene, yenye kutu, na haikupanda kama vigelegele. Ilikwenda moja kwa moja kama jiwe lililorushwa.

"Joakimuuu! Joakimu wa Modest!" Judica akavuta pumzi. "Humu ndani kuna watu! Humu kuna watuuu!"

Uwanjani vichwa vyote viligeuka, kama ngano ikipigwa na upepo. Violeth aliona wanawake wanaziba watoto masikio kwa viganja, wengine wanawafunika kwa khanga nzima. Mwanaume mmoja aliinuka na kiti chake akaanza kuondoka. Mtu mwenye kitenge cha sare, mbele kabisa, karibu na mgeni rasmi, alikuwa amesimama bila kufanya lolote, mikono imening'inia. Kwa umbali ule hakujua ni Frida au siyo.

Judica aliita mara ya tatu. Maneno yalikuwa yale yale. Alipomaliza alibaki juu ya jiwe, mabega yanapanda na kushuka, na chini hakuna aliyepokea.

Kisha, kutoka upande wa Gitting, ambako hakukuwa na spika wala kitenge wala kamati, ilikuja sauti nyembamba sana.

"Tadeiii!"

Bernadina alishika mkono wa Violeth.

"Tadeiii!" ikasema tena, na nyuma yake maneno ambayo upepo uliyala.

"Nyumba ya nani ile?" Bernadina aliuliza.

"Sijui, Ama."

"Hata mimi sikujua kwamba wamefiwa." Akatega sikio, shingo imenyooka kama ya msichana. Nyuma zaidi, mbali, huko ambako kilima ni rangi tu, kulikuwa na sauti nyingine. Haikuwa hata neno. "Hiyo nayo," alisema. "Unasikia? Hiyo nayo."

*

Chini waliendelea na onyesho, maana mgeni rasmi alikuwa na hotuba. Justina alisimulia kesho yake, akiwa ng'ambo ya mto, kwamba Hilaria alikuwa amevua hedifoni na kumshika Vicent mkono asibonyeze kitu, na kwamba Mama Frida aliulizwa kama ile ilikuwa sehemu ya igizo, akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa," halafu akaenda nyuma ya gari akakaa huko mpaka mwisho.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho. Siku ile Judica aliteremka kwenye jiwe, akaingia uani, akaona maharage chini.

"Nani amemwaga?"

"Mimi," alisema Bernadina.

"Na hii sufuria imeoshwa na nani? Violeth! Hii ndiyo unaita kuosha? Ukoko wote huu!"

"Nitarudia, mama."

"Utarudia lini, siku ya kipaimara?" Akafunua chungu. "Kuna nini cha kula humu?"

Alikula amesimama, kwa mkono, viazi baridi na maziwa mgando. Violeth alisugua sufuria ile kwa majivu, akaisugua na sehemu ambazo tayari zilikuwa safi, ili aendelee kugombezwa. Bernadina alikuwa anaokota maharage moja moja na kutabasamu ardhini.

Judica aliponawa mikono alitazama shamba. Majani ya viazi yalikuwa yameanza kulala na kukauka. Mwaka mwingine majirani wangeshapanga siku ya kuja na majembe yao. Mwaka huu hakuna ambaye angevuka ua, na wote watatu walilijua hilo bila kulisema.

"Lete simu. Mwandikie baba yako."

Violeth akakaa na simu mapajani. "Niandike nini?"

"Andika: Viazi vimekauka majani. Tunaanza kuchimba Jumatatu. Njoo."

Violeth aliandika. Kidole kikabaki hewani. Alitaka kuweka kwamba mama ameita, na kwamba Gitting wamesikia, na kwamba anakula.

"Niongeze?"

"Usiongeze. Anajua kusoma."

Walipanda wote wawili mpaka kwenye jiwe, kwa sababu mtandao ulikuwa unashika pale tu, ukiinua mkono. Violeth akainua. Simu ikatafuta, ikatafuta, ikaandika kwamba ujumbe umetumwa. Baada ya kidogo ikaandika kwamba umefika.

"Umefika?"

"Umefika."

"Amesemaje?"

"Bado, mama."

Judica akaketi, akakunja khanga magotini. Chini watu walikuwa wanarudi makwao na viti vyao kichwani, wakifika usawa wa nyumba wanahamia upande wa pili. Judica akaanza kuwataja mmoja mmoja, yule ameongezeka mwili, yule kiatu siyo chake, yule mwanawe amerudi lini. Akahamia kwenye viazi, na mbegu ya mwakani, na namna Joakimu alivyokuwa anashika titi kwa mikono miwili kama mlevi na kibuyu. Alilisema jina hilo kama jina lolote. Violeth alimsikiliza kwa sikio moja. Sikio jingine lilikuwa kwenye simu, aliyoishika juu mpaka bega likauma, nayo haikusema kitu.